Mnara Ukizima, Serikali Nayo Inazima

Kampuni za kubeti zinanijua. Zinajua namba yangu, zinajua Jumamosi kuna mechi, na saa 9 usiku zinaniamsha kunikumbusha bonasi ambayo sikuiomba. Kampuni ya simu inanijua zaidi. Bando likikaribia kuisha inaniambia. Nikivuka Namanga inanikaribisha Kenya kabla sijagongewa muhuri. Wakati wa kampeni ujumbe unafika. Sensa ya Agosti 2022 ilipokaribia, ujumbe ulifika. Ila tangu nimiliki simu, haijalia hata siku moja kuniambia: toka hapo ulipo, maji yanakuja.

Nimeandika haya nikiwa na hasira, na nimemwomba mhariri asizipunguze.

Mei 2024 tulipewa mtihani huku majibu yako ubaoni. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikiona Kimbunga Hidaya kikiwa bado baharini, ikakitaja kwa jina, ikakifuatilia mpaka kikafika pwani yetu Mei 4, upande wa Mafia. Wataalamu wale walifanya kazi yao, na mjumbe hauawi. Tatizo halikuwa kwenye rada wala kwenye satelaiti. Tatizo lilikuwa, na bado liko, kwenye njia ya kutoka ofisini hadi sikioni mwa mtu.

Tazama tahadhari nyingi za ofisi zetu zinavyotoka. Inaandikwa "Taarifa kwa Umma". Juu kuna nembo, chini yake kumbukumbu namba, kisha aya ya kumtambulisha mtoa taarifa, kisha aya ya kutaja sheria inayompa mamlaka ya kutoa taarifa, na ukishachoka kusoma ndipo linakuja lenyewe: mvua kubwa, upepo mkali, wananchi wachukue tahadhari. Tahadhari gani? Wakimbilie wapi? Haisemi. Sahihi, muhuri. Karatasi inapigwa picha ikiwa imepinda upande mmoja, inapandishwa Instagram, inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp, na mhusika anakunja mkoba kwenda nyumbani kwa amani kabisa.

Sasa mchukue mvuvi wa Jibondo, kule Mafia. Simu yake ni kitochi. Ameifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaukaza kwa ukanda wa mpira wa baiskeli isije ikalowa, akaichomeka omoni. Instagram haimo ndani ya kitochi. Bando hana, na hata angekuwa nalo angelinunulia nini? Redio inamsaidia, nakubali, na imamu mwenye kipaza sauti msikitini anamsaidia zaidi ya wizara nzima. Lakini redio humsaidia aliyeiwasha, na maafa yetu mengi hayangoji taarifa ya habari ya saa 2. Tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh alfajiri ya Desemba 3, 2023, likaua watu zaidi ya 80. Kule Mai Mahiu, Kenya, maji yalivunja njia na kuzoa nyumba usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, wenyewe wakiwa usingizini. Mtu aliyelala hafungui Instagram.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya juzi, nawarudisha Desemba 26, 2004. Tetemeko lilitokea Sumatra, na mawimbi yalichukua zaidi ya saa 7 kuvuka Bahari ya Hindi hadi huku kwetu. Saa 7! Televisheni za dunia zilikuwa tayari zinaonyesha maiti wa Sri Lanka na Thailand. Kenya ilizinduka mchana ule, watu wakaondolewa kwenye fukwe za Mombasa, akafa mtu mmoja. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengine wakiwa wanaogelea tu baharini siku ya pili ya Krismasi. Somalia, ambako hapakuwa na serikali ya kumwambia mtu neno, walikufa karibu 300. Bahari ilikuwa ileile. Tofauti ilikuwa nani aliambiwa na nani hakuambiwa.

Baada ya hapo ukajengwa mfumo wa tahadhari ya tsunami wa Bahari ya Hindi, taarifa zinatoka Australia, India na Indonesia hadi kwa TMA. Vizuri sana. Kutoka Jakarta hadi Dar es Salaam ni dakika chache. Kutoka Dar es Salaam hadi Jibondo bado tunategemea mtu amjue mtu.

Hilo ni la wananchi. La waokoaji wenyewe ni aibu kubwa zaidi.

Nenda kwa mtendaji wa kata yoyote umuulize: mafuriko yakija usiku huu, utawasiliana na mkuu wa wilaya kwa njia gani? Atakutolea simu yake mwenyewe mfukoni, yenye vocha aliyonunua mwenyewe. Muulize, na mtandao ukikata? Atacheka. Kamati za maafa zipo, kuanzia taifa hadi mtaa na kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imezitaja vizuri na kuzipa majukumu ya kutosha. Kinachoziunganisha ni kundi la WhatsApp ambamo asubuhi wanatakiana kheri na jioni wanachangia harusi, na ndimo humo humo tunategemea ije kutoka amri ya kuhamisha watu.

Na kila mtu anajua mnara wa simu unavyokufa. Umeme wa TANESCO ukikatika, betri zinashika kwa saa kadhaa. Betri zikiisha, panatakiwa jenereta. Jenereta inataka dizeli, dizeli inakuja na gari, gari linapita barabarani, na barabara ndiyo iliyochukuliwa na maji. Mvua za Hidaya zilikata barabara ya kusini pale Somanga, Kilwa, mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam. Hata ule mnara unaobaki hai unazidiwa, maana kila mwenye ndugu anampigia ndugu yake kwa dakika ileile. Kwa maneno mengine, tumeiegemeza kazi yote ya uokoaji kwenye chombo kinachotangulia kufa siku ya maafa.

Siku 8 tu baada ya Hidaya, Mei 12, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika. Intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima, na Tanzania ikawa miongoni mwa walioumia zaidi, kiasi kwamba ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulifunga milango kwa umma kwa siku mbili. Kimbunga na mikongo vingegongana siku moja, makundi yote yale ya WhatsApp yangekuwa mapambo. Hatukuwa tumejiandaa, tulipishana na balaa kwa wiki moja na siku moja.

Bukoba hatukupishana nalo. Jumapili ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria ikikaribia kutua, mbele ya macho ya mji. Waliofika kwanza ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Taarifa ya awali ya uchunguzi haikuwa na haya: polisi wa majini walichelewa kwa kuwa walikuwa kazini kwingine, na walipofika oksijeni ya wazamiaji haikutosha wala boti haikuwa na mafuta. Sote tuliona picha, mamia ya watu wakivuta kamba kutoka ufukweni kana kwamba wanavuta juya, huku mkia wa ndege ukichungulia juu ya maji. Watu 19 walikufa, marubani wote wawili wakiwamo. Ndege imeangukia umbali wa kuonekana kwa macho, uwanja wa ndege upo, polisi wapo, zimamoto wapo, na kikosi kilichokuwa na utaratibu wa kuitana na kufika kwa haraka kilikuwa cha wavuvi wa dagaa. Wao wanaitana kwa yowe. Yowe halina mkongo wa baharini.

Sisemi turudi kwenye yowe. Nasema tulikuwa na kitu, tukakitupa.

Wazee wanakikumbuka: simu ya upepo. Redio ya masafa marefu haihitaji mnara wowote. Wimbi lake hupanda juu, hugonga tabaka la angani na kurudi chini mamia ya kilomita mbele, hivyo Kigoma huongea na Dar es Salaam kwa betri ya gari na waya uliotandazwa kati ya miembe miwili. Amref, shirika la madaktari wa ndege lililoanzishwa mwaka 1957, lilijenga mtandao wa redio za aina hiyo kuunganisha hospitali za porini Kenya, Tanzania na Uganda. Muuguzi alikuwa akieleza hali ya mgonjwa hewani na daktari anamjibu. Misheni zilikuwa nazo. Hifadhi za wanyama bado zinazo, maana askari wa wanyamapori anajua kuwa chui hangoji mtandao. Kisha minara ya simu ikaja, tukaona mambo yamekwisha, na redio nyingi zikaishia stoo chini ya mafaili.

Polisi wanazo redio zao, zimamoto wana za kwao, bandari na viwanja vya ndege vivyo hivyo. Mnazo, sawa. Mnaongea? Nauliza kwa sababu majirani zetu walilipia swali hilo kwa damu. Septemba 21, 2013, magaidi walipolivamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, polisi wa kikosi maalumu waliingia, kisha jeshi likaingia, na pande hizo mbili zikafyatuliana risasi ndani ya jengo lilelile kwa kutojuana. Ofisa wa polisi aliuawa na risasi za wenzake. Raia na askari 67 walipoteza maisha katika shambulio lile. Baada ya hapo Kenya iliipa Safaricom kazi ya kujenga mfumo wa kamera na mawasiliano ya polisi kwa karibu shilingi bilioni 15 za kwao. Naona ni bei kubwa kwa somo ambalo mtu angelipata bure kwa kuwakutanisha makamanda wawili na kuwauliza: masafa yenu ni yapi, na ya pamoja yako wapi?

Kuwa na cha akiba kwenye karatasi nako ni kujidanganya. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulikatika Kenya karibu nchi nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta una majenereta, bila shaka yameandikwa kwenye kila ripoti. Usiku ule jenereta moja ilikataa kuwaka, abiria wakakaa gizani, wakamulikana kwa simu. Mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege alifukuzwa kazi. Hapa kwetu ningependa kujua ni jenereta ngapi za hospitali na vituo vya polisi ziliwashwa mwezi uliopita, zikaachwa zifanye kazi saa nzima, na nani alisaini daftari. Daftari hilo nilione. Waheshimiwa wabunge, mna haki ya kuliomba kuliko mimi, na mnalipwa kuliomba.

Sasa tuje kwenye dawa, kwa sababu najua jibu linalonisubiri: mchakato unaendelea, wadau wanashirikishwa.

Mnara wa simu una uwezo wa kurusha ujumbe mmoja kwa simu zote zilizo chini yake kwa pamoja, bila kuhitaji namba ya mtu yeyote. Ujumbe huo haupangi foleni na meseji za kawaida, kwa hiyo msongamano hauuzuii. Hautaki vocha wala bando. Kitochi kinaweza kuupokea sawa na simu ya milioni mbili. Simu inalia kwa mlio wake wa pekee, wa kuudhi, wa kumtoa mtu kitandani. Na kwa kuwa kila mnara una eneo lake, wa Rufiji wanaweza kuamshwa na wa Dodoma wakaendelea kukoroma. Laini za simu zilizosajiliwa Tanzania zimepita milioni 80; ukisema uzitumie meseji moja moja, utakapomaliza maji yatakuwa yameshafika Feri. Kwa njia hii ya mnara ni suala la sekunde. Uholanzi wanayo tangu 2012. Umoja wa Ulaya uliwataka wanachama wake wawe na njia ya kuwafikia watu wote kwa simu kufikia Juni 2022. Uingereza ililiza simu za nchi nzima kwa majaribio Aprili 23, 2023. Umoja wa Mataifa nao umeweka lengo la kila mtu duniani kufikiwa na tahadhari ifikapo mwisho wa 2027.

Mtaniambia kampuni za simu zitasema ni gharama. Kampuni hizo hizo zilitupanga foleni juani mwaka 2019 tukaweka alama za vidole ili tusikatiwe laini. Leseni zao zinatoka TCRA. Serikali yenyewe, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini Mei 2023 mradi wa kujenga minara 758 vijijini, kwa ruzuku ya umma. Anayelipa zumari ndiye anayechagua wimbo. Kwenye mikataba ya namna hiyo andikeni mstari mmoja: mnara huu utarusha tahadhari bure, na utakuwa na akiba ya umeme ya saa kadhaa zilizotajwa kwa tarakimu, na atakayekiuka atalipa faini inayouma.

Na msiniambie hatuna uwezo wa kuamrisha mitandao. Uganda ilizima intaneti nchi nzima Januari 2021, siku tano, kwa sababu ya uchaguzi. Hapa kwetu intaneti ilizimwa Oktoba 29, 2025, siku ya kupiga kura. Amri ilitoka, ikatiiwa, hakuna aliyezungumzia bajeti wala wadau. Kumbe kuwafikia wananchi wote kwa mpigo mmoja kunawezekana pale shabaha inapokuwa kuwanyamazisha.

Uwezo wa kupanga tunao pia. Mpango wa m-mama, kwa namba 115 isiyolipiwa, unampeleka mama mjamzito mwenye dharura hospitali. Gari la wagonjwa likikosekana, kituo kinamwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu. Watu wetu wenyewe wanaendesha hilo. Halafu mtu anasimama kwenye warsha, chai imeshanywewa, anasema Mtanzania hawezi mifumo.

Teknolojia peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapowaogopa viongozi wetu kuliko ninavyoogopa mafuriko. Oktoba 29, 2024, mkoa wa Valencia nchini Hispania ulikuwa na kila kitu. Idara ya hali ya hewa ilitoa onyo jekundu asubuhi. Mfumo wa kurusha ujumbe kwenye simu ulikuwepo, umejaribiwa, unafanya kazi. Ujumbe ulitumwa saa 2 na dakika 11 usiku, wengi wakiwa wameshazama kwenye magari na vyumba vya chini. Walikufa zaidi ya 220. Mkuu wa serikali ya mkoa, Carlos Mazón, alikuwa na chakula cha mchana kilichorefuka, na hasira za watu zikamfuata mpaka akajiuzulu mwaka uliofuata. Kitufe kilikuwepo, mwenye kukibonyeza hakueleweka ni nani.

Hebu lilete jambo hilo kwetu. Saa 10 alfajiri ofisa wa zamu anaona hatari. Atampigia mkuu wake. Mkuu atampigia mkurugenzi, mkurugenzi atasita kumwamsha katibu mkuu, na katibu mkuu atauliza kama mheshimiwa ameshajulishwa, kwa kuwa haipendezi wananchi wajue kabla ya mheshimiwa. Mnajua kwamba sitanii. Ofisa wa zamu apewe kitufe kwa jina la cheo chake, na kinga ya kisheria asifukuzwe akionya na maafa yasitokee. Atakosea, ndiyo. Januari 13, 2018, watu wa Hawaii waliambiwa kombora linakuja, na zikapita dakika 38 kabla ya kuambiwa ni makosa. Walitaharuki, walilia, kisha wakarudi nyumbani wakiwa hai na kuandamana kwa maneno makali. Hilo ni kosa linalosameheka. Kosa la kunyamaza halina wa kulisamehe.

Kwa hiyo Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, pamoja na Idara ya Usimamizi wa Maafa iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, sitaki mkakati mwingine wa kurasa 90 wenye picha ya jalada. Nataka tarehe. Tangazeni siku moja, kabla ya masika yajayo, tuseme Jumatano saa 4 asubuhi, ambapo simu zote nchini zitalia kwa majaribio. Siku hiyo hiyo zimeni minara ya wilaya moja kwa saa mbili, na mkuu wa wilaya hiyo azungumze na Dodoma kwa simu ya upepo, wananchi wakimsikiliza redioni. Kisha chapisheni matokeo, kata kwa kata: wapi ililia, wapi haikulia, nani hakupatikana hewani. Na kitochi cha yule mvuvi wa Jibondo kisipolia, mtuambie kampuni gani ndiyo yenye mnara ule.